Niitoe Impreza yangu, nichukue S4?

Muuza magari mmoja wa Kampala anangoja jibu langu mwisho wa mwezi. Anachukua Subaru Impreza WRX STi yangu nyeupe ya mwaka 1998, namba za UAJ, mimi namwongezea shilingi milioni 62, kisha naondoka na Subaru WRX S4 ya 2017 yenye namba za UB. Nimeikagua hiyo S4 juu na chini, sijaona cha kulalamikia. Bei aliyoniwekea ni ya haki, na hapo sibahatishi, kwa sababu kutoa magari forodhani ndiyo kazi inayonilisha hapa mpakani Malaba. Angekuwa ananipunja ningemkatalia palepale na mambo yangeisha. Kwa kuwa hanipunji, imenibidi nikae chini nifikiri sawasawa.

Wengi wanaoniona ndani ya Impreza hudhani niliona picha mahali nikaipenda. Mimi nilianza kuifahamu kwenye karatasi. Nilikuwa karani mchanga kwa wakala mmoja wa forodha, kazi yangu kujaza matamko na kuwasaka madereva wa malori ambao stakabadhi zao zimebaki Mombasa. Siku hiyo lilikuja faili la kijana wa Mbale aliyekuwa akifanya kazi Nagoya na kujitumia gari lake mwenyewe. Nilitumwa nje kulinganisha namba ya shasi na ile iliyo kwenye hati. Kwenye Impreza za umbo lile namba imegongwa katika ukuta wa chuma unaotenganisha injini na dashibodi, hivyo lazima ufungue boneti. Nikafungua. GC8, ambayo ni alama ya umbo hilo la Impreza, kistari, tarakimu sita. Mbele ya hiyo namba injini ilikuwa imelala chini kabisa, silinda mbili upande huu na mbili upande ule, na juu yake kimekaa kipoza hewa cha turbo, ile feni inayozungushwa na moshi wa ekzosi ili kuisukumia injini hewa, kimeelekea tundu la kwenye boneti. Nilishanakili namba, nilishaihakiki, na bado nilikuwa nimeishikilia boneti mpaka mwenzangu akaniita.

Jioni mwenye gari alipolichukua, akawasha.

Injini ya EJ20 katika magari hayo ya zamani ina mabomba ya ekzosi yasiyolingana. Yanayotoka upande mmoja ni marefu kuliko yanayotoka upande wa pili, kwa hiyo moshi hauifikii turbo kwa mpigo ulio sawa. Hapo ndipo unapotoka ule mngurumo wa kukatikakatika ambao mtu yeyote aliyewahi kusimama kando ya njia kwenye Pearl of Africa Rally huutambua gari likiwa bado nyuma ya migomba. Mimi nimekulia Tororo miaka ya tisini, na mtaani kwetu Impreza ilikuwa habari ya kila mtoto. Colin McRae alichukua ubingwa wa dunia wa 1995 akiwa ndani yake. Akashinda nayo Safari Rally kule Kenya 1997, na Richard Burns akashinda nayo tena 2000. Katikati hapo, mwaka 1999, Charles Muhangi wetu akawa bingwa wa Afrika, na sisi wasichana tuliokuwa tukisukuma magari ya waya pamoja na kaka zetu hatukuona sababu ya kuacha.

Yule kijana wa Nagoya alirudi nyumbani, akaoa, watoto wakafika wanne, Impreza ikawa haiwatoshi. Alinipigia simu kabla ya mtu mwingine yeyote. "Dada, wewe ndiye uliyeiingiza Uganda," akaniambia. "Ukiitaka ni yako. Usipoitaka nitaitangaza." Nilikuwa na pesa za msingi wa nyumba. Nyumba ikangoja, nami nikachukua gari, na hadi leo naona nilifanya vyema. Nyumba ilijengwa baadaye. Gari lile lisingepatikana baadaye, na sababu yake nitaieleza, maana ndiyo inayobeba uamuzi wangu wote.

Lakini kwanza niitendee haki S4.

Niliijaribu Kampala, kutoka Bweyogerere tukaingia Northern Bypass hadi Busega na kurudi, muuzaji akiwa pembeni yangu. Kwenye karatasi ina nguvu ya farasi 300, yangu 280. (Tofauti hiyo msiichukulie kama ilivyo. Watengenezaji wa Japani walikuwa na makubaliano ya kutotangaza zaidi ya farasi 280, na makubaliano hayo yalikuja kuachwa 2004. Ile 280 kwenye hati za miaka ya tisini ilikuwa dari tu.) Ukikanyaga mafuta S4 haikungoji. Inaondoka mara moja, kwa utulivu, bila ule muda mfupi ambao kwangu unasubiri turbo ijae. Viti vyake vinashika mbavu vizuri, kiyoyozi kinafanya kazi kweli, na kwa kasi ya kilomita 100 kwa saa mlikuwa mnaweza kuongea kwa sauti ya sebuleni. Juu ya kioo cha mbele kuna kamera mbili, mfumo unaoitwa EyeSight, zinazotazama barabara pamoja nawe. Kule Kalerwe bodaboda alikatiza mbele yetu ghafla. Gari lilipiga mlio kabla sijagusa breki. Muuzaji hakusema neno. Alinitazama tu, na alikuwa na haki ya kunitazama hivyo.

Kisichokuwemo ni klachi. S4 haikuuzwa Japani na gia za mkono hata moja. Kuna mnyororo unaopanda na kushuka kati ya puli mbili, Subaru wanauita Lineartronic, na kompyuta ndiyo inayochagua. Anayetaka klachi katika umbo hilo anatafuta WRX STI yenyewe, toleo kali zaidi la gari hilo, na bei ya hiyo sitaizungumzia hapa maana haimo mfukoni mwangu. Mabomba ya ekzosi ya S4 nayo yamesawazishwa ili turbo ipate moshi kwa mpigo mzuri. Kwa injini ni maendeleo. Kwa sikio langu mngurumo umekwenda. Redio ni ya masafa ya Japani, kwa hiyo vituo vyetu vingi haivipati mpaka ufunge kifaa cha kubadilisha, jambo dogo ambalo fundi analimaliza asubuhi moja.

Hayo yote ningeweza kuyazoea. Uzito nao ningeuzoea, ingawa S4 inapita kilo 1,500 na Impreza yangu haifiki 1,300, na kilo hizo utazihisi kwenye kila kona ya msitu wa Mabira.

Hoja iliyonibana ni nyingine, na aliileta binti yangu. Anasoma Kampala. Kazi zangu humalizika saa zisizo na adabu. Mara nyingi faili la mwisho linapita forodhani usiku, na asubuhi lazima niwe mjini kwa mteja. Nakamata barabara ya Tororo, Bugiri, Iganga, Jinja gizani. Wanaoijua barabara hiyo wanajua ninachosema: lori limeharibika limeachwa kwenye lami bila taa, alama yake ya hatari ni matawi ya miti waliyoyakata porini, na wewe unakutana nayo huku mwenye basi anayekuja mbele amekuwashia taa zote. Binti yangu aliniandikia ujumbe mfupi: "Mama, hilo gari lako lina mifuko ya hewa ya mbele tu, na imezaliwa kabla yangu. Usiku uje na gari jingine." Nilimpigia nikamwambia nimemsikia. Sikuwa na la kumjibu zaidi ya hilo. Gari la 2017 lina mifuko pembeni, lina mapazia ya hewa madirishani, mwili wake umetengenezwa kupokea kishindo kwa namna ambayo la 1998 haliwezi hata ulitunze vipi. Mtu akiniambia anauza gari lake la zamani kwa sababu hiyo, simbishii hata neno moja.

Kwa hiyo kwa siku kadhaa nilikuwa upande wa S4 kabisa. Nilishaanza kutafuta logbuku.

Kilichonirudisha nyuma ni kazi yangu. Aliingia mteja ofisini, mzee mstaarabu, ana mtoto Osaka aliyempatia Toyota Celica GT-Four ya miaka ya tisini, imetunzwa, picha zake zinatamanisha. Akataka nimpigie hesabu ya ushuru. Ikabidi nimwambie kwamba hesabu haipo. Tangu sheria ya usalama barabarani ilipofanyiwa marekebisho 2018, gari la kawaida lililofikisha miaka 15 tangu litengenezwe haliingii Uganda. Halitozwi zaidi, halifungiwi ghalani likingoja faini. Haliingii. Lenye umri chini ya hapo utalipa ushuru wa forodha wa asilimia 25, VAT ya asilimia 18, kodi ya zuio ya asilimia 6, na likishafika miaka tisa tozo ya mazingira inaongezeka juu, hadi mtu anashika kichwa. Lakini angalau kuna karatasi ya kulipia. Kwa Celica ya yule mzee hakuna karatasi. Alikaa kimya, akakunja picha zake, akanishukuru. "Basi anayo atakayekuwa nayo, mwanangu," akasema.

Alipotoka nikatazama dirishani, Impreza imeegeshwa chini ya mwembe.

Mimi ninazifahamu sheria hizo kuliko majirani zangu wote, nazitamka kila wiki, na bado katika hesabu ya kubadilishana gari nilikuwa nimeandika safu mbili kana kwamba vitu viwili hivyo ni vya aina moja. S4 ya 2017 nikiikosa mwezi huu nitaipata mwaka ujao, kwa huyuhuyu au kwa mwingine, na ikinichosha nitaiuza nitafute nyingine. Impreza nikiitoa, mlango unafungwa. Siwezi kuagiza nyingine Japani. Siwezi kuinunua Kenya nikaivusha, wao wenyewe kikomo chao cha umri wa gari linaloingia ni miaka minane. Zilizopo Uganda ndizo zilizopo, na kila ajali na kila kijana anayeivunja kuuza vipande inaipunguza hesabu hiyo moja.

Na huko Japani kwenyewe zinaondoka. Marekani wana sheria inayokwenda kinyume na yetu: kule gari ambalo halikutengenezwa kwa soko lao huzuiwa mpaka lifikishe miaka 25, kisha linaruhusiwa. Impreza za 1998 zilifika umri huo 2023. Impreza ya aina yangu haikuwahi kuuzwa kwao, kwa hiyo wanunuzi wa kule walikuwa wameingoja muda mrefu, na bei kwenye minada ya Japani zimepanda. Huku kwetu umri unalifungia gari nje, kwao umri ndio unaolifungulia mlango. Yule kijana wa Nagoya aliponiuzia, ilikuwa gari la zamani lenye kasi, basi. Sasa Subaru wenyewe wametangaza, Machi 2022, kwamba hawatatoa STI ya petroli juu ya WRX ya kizazi kipya.

Siandiki haya kumshawishi mtu kwamba chuma kikuukuu ni mali. Magari mengi ya zamani ni mazigo, na mimi ndiye ninayeyaona yakifika. Nilitaka kujua hali halisi ya hili langu kabla ya kusema neno, kwa hiyo nikalipeleka kwa fundi wangu Tororo, mzee asiyejua kubembeleza. Nikamwambia aniambie kama anavyomwambia mnunuzi.

Alilala chini ya gari na taa yake na bisibisi. Alianza nyuma, kwenye matao ya magurudumu, akigonga taratibu na mpini wa bisibisi huku amegeuza sikio. Mlio ulikuwa mkavu, mkavu, mkavu, halafu upande wa kushoto ukawa mzito. Akageuza bisibisi, akasukuma ncha, ikaingia. Vumbi la kahawia likamwagikia shavu lake. "Mama, hapa pameliwa," akasema, akaendelea kugonga mpaka akapata mpaka wa kutu, akauzungushia chaki. Upana wa kiganja. Akahamia juu penye miguu ya shokapu za nyuma, sehemu ambayo Impreza hizi huoza bila mwenyewe kujua; pale palikuwa pazima. Injini aliipima mgandamizo, silinda zote nne zimekaribiana. Mkanda wa taimingi umefika wakati wa kubadilishwa. Gia ya tatu inakwaruza ukiiingiza kwa haraka, jambo nililolijua, na giaboksi ya gia tano ya magari haya haijawahi kuwa ngumu mbele ya hiyo nguvu ya injini.

Nikamuuliza kuhusu S4. Hakuidharau. Alisema mnyororo wake wa taimingi haubadilishwi kila baada ya muda kama mkanda wangu, hiyo ni nafuu. Lakini injini yake hupuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda kwa pampu ya mgandamizo mkubwa, nayo haipendi mafuta machafu. Na zote mbili, yangu na ile, zimetengenezwa kwa petroli ya Japani ya oktani 100 ambayo vituo vyetu havina. Yangu alikwisha kuipunguzia msukumo wa turbo miaka ya nyuma ili injini isigongegonge kwa petroli dhaifu. Ile ingebidi apatikane mtu wa kuifanyia hivyo kwa kompyuta, na mtu huyo hayuko Tororo.

Nimeamua hivi.

Impreza haiuzwi. Ile milioni 62 ninayo, sikuikopa, na nusu yake kubwa inanunua Toyota Premio ambayo mwenzangu wa forodha ameitumia hapahapa nchini na kuitunza kwa daftari, yenye mifuko ya hewa ya kutosha na taa zinazoona mbali. Hiyo ndiyo nitakayosafiria usiku. Nimeshamwambia binti yangu, akanijibu kwa picha ya moyo na swali kama Premio itakuwa yake akimaliza chuo. Tutaona. Zilizobaki zinaingia kwenye gari jeupe: kukata ile kutu na kuchomelea bati jipya, mkanda wa taimingi pamoja na pampu ya maji, matairi manne, breki, na mikanda ya viti, ambayo watu hukarabati kila kitu wakaisahau. Baada ya hapo litatembea mchana, siku za mapumziko, barabara ninazozijua.

Kwa mwenye fedha za kuchagua moja tu, na anayebeba watoto kila siku, mimi ningemwambia achukue gari jipya na asigeuke nyuma. Kwangu imewezekana kugawa kazi kati ya magari mawili, na ndiyo sababu jibu langu ni hili. Asiyeweza kugawa asilichukue jibu langu kama lake.

Muuzaji nilimpigia leo asubuhi. Alipokea vizuri. Akaniuliza kama kuna siku nitabadili mawazo, nikamwambia akipata mteja wa S4 asimkawize kwa ajili yangu.

Sasa shida iliyobaki ni giaboksi. Kisekka, soko la vipuri la Kampala, nimeonyeshwa za Subaru nyingine, Forester na Legacy, nzima kwa kuangalia, na vijana wananiapia zitaingia. Kuingia zitaingia. Lakini kwenye gari linalosukuma kwa magurudumu manne, uwiano wa mwisho wa giaboksi, yaani inazunguka mara ngapi ili gurudumu lizunguke mara moja, lazima ulingane na wa difu ya nyuma, ile seti ya gia iliyo kati ya magurudumu ya nyuma. Usipolingana magurudumu ya mbele na ya nyuma yanavutana mpaka kitu kivunjike. Yangu ni 4.444. Mwenye giaboksi ya GC8 ya uwiano huo, au hata gia ya tatu peke yake na sinkro yake, ile pete inayoilainisha gia ikiingia, iwe Kampala, Mbale au Mbarara, aniandikie hapa chini, na aniwekee picha ya namba iliyogongwa kwenye kava. Nitakuja mwenyewe kuiona, na nitakuja na pesa taslimu.